Vichocheo vya ukuaji na utumbo wa panya wa maabara: maswali ninayoulizwa kila siku

Nilikaa miaka kama miwili na nusu kwenye maabara moja inayoshughulika na utumbo wa panya, na toka hapo nikikutana na watu, iwe msibani iwe kwenye daladala, swali ni lile lile, sasa we ulikuwa unafanya nini na matumbo ya panya? Nimechoka kurudia kwahiyo nimeyaweka hapa yote. Yale yanayonikuna nimeyajibu kwa urefu, mengine nimepita juu juu, mnisamehe.

Hivi vichocheo vya ukuaji ni kitu gani hasa?

Ni protini ndogo ndogo ambazo seli moja inazitoa ili kumwambia jirani yake au hata seli ya mbali, gawanyika, au usife, au komaa ufanye kazi yako. Sio chakula wala sio vitamini, ni ujumbe. Seli inayopokea lazima iwe na kipokezi chake, kama haina hata ukiimwagia ndoo nzima haisikii kitu. Shika hilo la kipokezi maana karibu vituko vyote vya utumbo vinatokea hapo.

Kwa nini utumbo na sio ini au figo?

Kwa sababu utumbo haupumziki. Ukichukua utumbo mwembamba wa panya ukaufungua, ndani utaona kama kitaulo, vidole vidogo vidogo vimesimama, vinaitwa vili, na katikati ya vidole kuna vishimo vinaitwa kripti. (Wale mnaofikiria lile taulo la supu, lile ni tumbo la kwanza la ng'ombe, sio utumbo mwembamba, ila picha inasaidia.) Chini kabisa kwenye kila kishimo kuna seli shina kama 15 hivi, zinagawanyika karibu kila siku, watoto wao wanasukumwa kwenda juu kwenye kidole na wakifika nchani wanadondoka wanatoka na choo. Safari nzima kwa panya ni siku 3 mpaka 5. Yaani ngozi ya ndani ya utumbo aliyokuwa nayo panya jumatatu, wiki ijayo haipo. Kwahiyo ukimpa kitu kinachoongeza au kupunguza kasi ya kugawanyika, jibu unaliona ndani ya siku chache, husubiri mwaka.

Nani alianza haya mambo?

Kiukweli kilianzia kwenye macho ya vitoto vya panya. Stanley Cohen, mkemia wa Marekani, alikuwa na Rita Levi-Montalcini kule St. Louis wanatafuta kitu kinachokuza mishipa ya fahamu. Wakachukua tezi za mate za panya dume, wakatengeneza maji yake, wakawachoma panya wachanga. Cohen akaona kitu ambacho hakukitafuta: vitoto vinafungua macho siku ya 6 au 7 badala ya siku ya 12 mpaka 14, na meno yanatokeza mapema. Mtu mwingine angesema haya bahati mbaya dawa imechafuka, tuendelee na kazi yetu. Yeye akaifuatilia na mwaka 1962 akatoa ripoti ya protini yenyewe, ndo hii tunaita EGF, kichocheo cha ukuaji cha seli za ngozi, asidi amino (matofali ya protini) 53 tu. Mwaka 1986 yeye na Rita wakapewa Nobel.

Na kwa nini dume? Tezi ya mate ya panya dume ina sehemu inayohifadhi EGF ambayo imekua zaidi kwa sababu ya homoni za kiume. Kwa jike ipo ila kidogo sana.

Kama EGF iko kwenye mate, si panya anaimeza kila siku na utumbo unakua?

Hapo sasa. Hili swali ndo nalipenda kuliko yote.

Kuna majaribio yalifanyika Uingereza miaka ya 80, kina Goodlad na Wright, walichukua panya wakawalisha kwa mshipa tu, hakuna kinachopita mdomoni. Panya akilishwa hivyo utumbo wake unasinyaa hata kama anapata kalori zote, maana hauna kazi. Alafu wakampa EGF. Akipewa kwenye damu, kripti zinaamka zinaanza kugawanyika tena kama panya anayekula. Ukimpitishia tumboni, hakuna cha maana. Protini ile ile.

Sababu kubwa ni mahali kipokezi kilipo. Kwenye seli za utumbo kipokezi cha EGF kiko hasa upande wa nyuma, ule unaoangalia damu, sio upande unaoangalia chakula. Ni kama nyumba yenye kengele mlango wa uani, we unapiga hodi mlango wa mbele mpaka mkono unauma. Sasa utumbo ukiwa na kidonda, ile ngozi imefunguka, hapo EGF ya kwenye mate inafika nyuma na inaanza kazi ya kuziba. Ndo maana kuna wanaosema EGF ya mate ni fundi wa zamu, anasubiri pabomoke, na mimi naona hiyo maelezo yanaingia akilini kuliko ya kusema inakuza utumbo kila siku.

Alafu usije ukasema basi EGF haina umuhimu. Mwaka 1995 walitengeneza panya wasio na kile kipokezi kabisa, na waliofanikiwa kuzaliwa walikufa mapema, utumbo wao ukiwa kati ya viungo vilivyoharibika.

GLP-2 ni nini, ni ndugu wa zile sindano za kupungua mwili?

Ndugu kabisa, tumbo moja. Kuna protini ndefu moja inaitwa proglukagoni, kwenye utumbo inakatwa vipande, kipande kimoja ni GLP-1, hicho ndo kilichozaa semaglutide ambayo watu wanajichoma kupunguza uzito. Kipande kinachofuata ni GLP-2, asidi amino 33, na kazi yake karibu iko kinyume, kinajenga utumbo.

Stori yake ilianza na mgonjwa. Mwaka 1971 madaktari wa Uingereza waliandika kesi ya mama mmoja mwenye uvimbe kwenye figo, uvimbe unatoa homoni za jamii ya glukagoni, na utumbo wake umekuwa wa ajabu, vidole vya ndani virefu kupita kiasi na chakula kinatembea polepole. Wakautoa ule uvimbe, utumbo ukarudi kawaida. Kila mtu akajua kuna kitu kinatoka pale kinakuza utumbo lakini kipi? Jeni ya proglukagoni ilikuja kusomwa miaka ya 80 mwanzoni, vipande vikawa vingi, wengi walimshuku kipande kisichohusika. Mpaka 1996 Daniel Drucker na wenzake kule Toronto wakawawekea panya uvimbe unaotoa hivi vipande, utumbo ukavimba, alafu wakachoma kipande kimoja kimoja. GLP-2 ndo akakamatwa. Robo karne toka yule mama.

Sawa, kwahiyo GLP-2 inaenda kwenye seli shina inaziambia zigawanyike?

Kila mtu anadhani hivyo na mimi nilidhani hivyo. Hapana. Kipokezi chake kilipopatikana mwaka 1999 watu wakaanza kukitafuta kwenye kripti, wakakikuta kwenye mishipa ya fahamu ya utumbo, kwenye seli chache zinazotoa homoni, na kwenye zile seli za kushikilia zilizo chini ya ngozi ya ndani. Seli shina zenyewe, ambazo ndo zinagawanyika, hazionekani kuwa nacho.

Yaani GLP-2 haongei na mwenye nyumba, anaongea na majirani, majirani ndo wanapeleka habari. Mmoja wa wapeleka habari ni IGF-1, kichocheo kingine cha ukuaji kinachofanana na insulini. Walichukua panya wasio na IGF-1, wakawachoma GLP-2 dozi ya kawaida, utumbo haukukua kama inavyotakiwa. Na ndugu wa EGF nao wamo kwenye mnyororo huo huo. Mtu akikwambia kichocheo fulani kinakuza utumbo, muulize kinakuza kupitia nani.

Ilifikaje kuwa dawa ya watu?

Kulikuwa na kikwazo kimoja kigumu. GLP-2 ukimchoma mtu, nusu yake imeshakwisha ndani ya dakika kama 7. Kuna kimeng'enya kinaitwa DPP-4 kinakata asidi amino mbili za mwanzo na ikishakatwa haifanyi kazi. Wakagundua kitu kizuri kwa panya: kuna panya ambao kwa kuzaliwa hawana DPP-4, ukiwachoma GLP-2 ya kawaida utumbo wao unakua sana, wakati panya wa kawaida kwa dozi hiyo hiyo wanashtuka kidogo tu. Hapo ikawa wazi kwamba shida sio nguvu ya GLP-2, shida ni mkasi. Basi wakabadilisha asidi amino moja tu, ya pili toka mwanzo, alanini wakaweka glisini, mkasi ukakosa pa kukata. Hiyo ndo teduglutide.

Iliruhusiwa Ulaya na Marekani mwaka 2012 kwa watu wazima ambao utumbo wao umebaki mfupi baada ya kukatwa, hawawezi kuishi bila chakula cha mshipa. Kwenye jaribio kubwa la wiki 24, wagonjwa 27 kati ya 43 waliopata dawa walipunguza maji ya mshipa kwa asilimia 20 au zaidi, upande wa waliochomwa sindano isiyo na dawa ni 13 kati ya 43. Sio muujiza, ila mtu akipata usiku mmoja kwa wiki bila mpira kwenye mshipa, muulize yeye kama ni kitu kidogo.

Na IGF-1, KGF na wengine?

Haraka haraka. IGF-1 inakuza utumbo mzima, ngozi ya ndani na hata misuli ya ukuta, tofauti na GLP-2 ambayo inacheza zaidi na ngozi ya ndani. Waustralia kule Adelaide walitengeneza aina yake isiyokamatwa kirahisi na protini za damu, wakaiweka kwenye vipampu vidogo chini ya ngozi ya panya, ikafanya kazi kwa nguvu kuliko IGF-1 ya kawaida. KGF, kichocheo kingine tena, inatoka kwenye seli za chini kwenda kwa seli za juu, na kwa panya inaongeza sana seli zinazotoa ute. Dawa yake, palifermin, iliruhusiwa Marekani mwaka 2004 ila kwa vidonda vya mdomoni vya wagonjwa wa saratani ya damu, utumbo haukupata bahati hiyo. Na msisahau kuna wanaokanyaga breki, kama TGF-beta, bila hao tungekuwa na utumbo unaojaa mpaka kifuani.

Mnajuaje kwamba utumbo umekua? Mnapima vipi?

Naomba mtulie hapa, maana hapa ndo pana uongo mwingi na mwingine ni wangu.

Panya akishalazwa kwa utaratibu unaoruhusiwa, unakata kuanzia tumbo linapoishia mpaka utumbo mpana unapoanza. Unasafisha ndani kwa sirinji yenye maji ya chumvi ya baridi, kweli ya baridi maana seli zinaanza kuoza ndani ya dakika. Alafu unaninginiza, juu kibanio, chini kijiwe cha gramu chache, pembeni rula. Kwa nini uninginize? Kwa sababu utumbo ni kama mpira wa nguo ya ndani, unavutika. Mi mwezi wa kwanza nilikuwa nalaza mezani napima, mwenzangu naye analaza anapima, yeye mkono mzito anavuta, mimi naogopa kukata navuta kidogo. Tukapata kundi la dawa lina utumbo mrefu kwa sentimita kadhaa, tukashangilia, kumbe kundi lile lote alilipima yeye. Kazi ya wiki nzima ikaenda na maji. Toka siku hiyo kijiwe.

Alafu uzito. Uzito wa maji maji peke yake usiuamini, utumbo unaweza kuvimba kwa maji tu. Ndo maana watu wanakausha wanapima tena, au wanapima DNA na protini. DNA ikipanda maana yake seli zimeongezeka, protini ikipanda peke yake labda seli zimenenepa tu.

Baada ya hapo ni darubini, unapima urefu wa kidole na kina cha kripti, na kipande kikikatwa kwa mshazari vidole vinaonekana vifupi hata kama ni virefu, kwahiyo unachagua vile vilivyosimama wima, na anayepima asijue ni panya wa kundi gani. Ukitaka kujua kasi unamchoma panya kemikali kama BrdU masaa mawili kabla, inaingia kwenye DNA mpya, baadae unaipaka rangi unahesabu seli zilizokuwa zinajiandaa kugawanyika. Kuhesabu huko ndo kulinivunja mgongo, usiku nikifumba macho naona nukta za kahawia.

Na urefu wa kidole unaweza kuongezeka kwa sababu mbili tofauti: seli zinazaliwa nyingi, au zinachelewa kufa. GLP-2 inafanya zote mbili. Ukipima urefu tu hujui ni ipi.

Chakula kinaingiaje hapa?

Kinaingia kila mahali na ndo kinachoharibu majaribio ya watu. Mnyime panya chakula siku 2 au 3 utumbo unapungua waziwazi, mrudishie unarudi. Sasa kama kichocheo chako kinamfanya panya ale zaidi, au ale pungufu, unapima kichocheo au unapima sahani? Ndo maana kunakuwa na kundi la panya wanaopewa kiasi kile kile cha chakula ambacho kundi la dawa limekula. Ripoti isiyo na kundi hilo mi huwa nasoma kwa jicho moja.

Bingwa wa mambo haya ni chatu. Secor na Diamond walifanya kazi na chatu wa Burma, anakaa hata mwezi bila kula, utumbo umesinyaa, akimeza mnyama ndani ya siku moja tu utumbo unakuwa karibu mara mbili kwa uzito. Ila sehemu kubwa ni seli zilezile zinatanuka, kwahiyo hata hapo kukua sio lazima kugawanyika.

Nimesikia dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ina vichocheo, ni kweli?

Kweli, dang'a ya ng'ombe, ya nguruwe, ya binadamu, zote zina IGF-1 na EGF kuliko maziwa ya baadae. Vitoto vya nguruwe ndo vimefundisha hili, anayenyonya dang'a utumbo unaongezeka uzito ndani ya saa 24 za kwanza, anayepewa maji tu hauongezeki. Lakini tega sikio, sehemu ya ule uzito ni protini za dang'a yenyewe, seli za kitoto kichanga zinazimeza nzima nzima zinajaa. Sio utumbo wote umejengwa kwa usiku mmoja.

Na kitoto kichanga sio mtu mzima. Tumbo lake halina asidi kali, ukuta wake bado unapitisha protini kubwa. Wewe wa miaka 35 ukinywa poda ya dang'a kwa ajili ya kukuza utumbo, asidi na vimeng'enya vyako vitaifanya nyama choma kama protini nyingine yoyote, au nyingi yake. Siuzi na sinunui.

Si inaweza kuleta saratani?

Swali la haki. Kitu kinachoambia seli zigawanyike hakiulizi seli ni nzuri au mbaya. Panya waliopewa kwanza kemikali ya kusababisha saratani ya utumbo mpana, alafu wakachomwa GLP-2, walipata vivimbe vingi kuliko wenzao. Kichocheo hakikuanzisha moto, kilipepea. Ndo maana mgonjwa wa teduglutide anaingizwa kamera ya utumbo kabla ya kuanza, baada ya mwaka, alafu angalau kila miaka 5, na mwenye saratani ya njia ya chakula hapewi. Upande wa pili, dawa za saratani zinazoziba kipokezi cha EGF zinaharisha wagonjwa wengi, maana utumbo usio na ugonjwa nao umenyang'anywa ujumbe wake.

Bado panya wanahitajika? Si kuna utumbo wa kwenye kisahani?

Upo, na ni kitu kizuri sana. Kule Utrecht, maabara ya Hans Clevers, mwaka 2007 walionyesha seli shina za utumbo ni zile zenye alama inayoitwa Lgr5, na mwaka 2009 Sato na wenzake wakachukua seli moja tu ya namna hiyo wakaiweka ndani ya Matrigel, ule uji wa protini, wakaongeza EGF na protini nyingine mbili za ujumbe, Noggin na R-spondin. Ikajijenga yenyewe kautumbo kadogo, kana kripti na kila kitu, seli moja! Mi nilipokaona mara ya kwanza kwenye darubini, ka duara kenye vichipukizi kama tangawizi, nilimwita mlinzi aje aangalie, akaangalia akasema mbona kama uvimbe.

Sasa ona: GLP-2 haimo kwenye hiyo orodha ya vitu vitatu. Na ukikamwagia GLP-2 peke yake usitegemee ujibiwe kama kwa panya mzima, kwa sababu majirani hawapo kwenye kisahani, hakuna mishipa ya fahamu wala zile seli za kushikilia. Ndo maana panya bado wapo, ila wachache kuliko zamani, vitu vinachujwa kwanza kwenye kisahani alafu vinavyobaki ndo vinaenda kwa mnyama.

Wale panya mlikuwa mnawafanyia nini baada ya hapo?

Hakuna baada ya hapo. Utumbo haupimwi panya akiwa hai. Kila mmoja alikuwa na namba na karatasi ya kibali iliyoandikwa idadi kamili, ukitaka watatu wa ziada unarudi kwenye kamati unajieleza. Ile wiki ya bila kijiwe ilikuwa panya 16. Hao niliwaandikia maelezo peke yangu.